Rili ya Candida

Fundi redio Mansukhlal alikutwa amekufa chini ya meza yake ya kazi, dukani mwake mtaa wa Mchafukoge, saa ile ya mchana ambapo maduka hufungwa watu wakale. Mkewe, Jasumati, aliteremka kumwambia chakula kinapoa, akamkuta amelala chali, kisogo kimepasuka, miwani ingali usoni.

Inspekta Isidori alifika na Koplo Bakili kabla damu haijakauka. Inspekta alikuwa mtu wa Songea, mnene, mwenye mwendo wa kutafakari, na wenzake kituoni walimtania kwamba wahalifu wake hujisalimisha kwa kuchoka kumsubiri. Maiti alikwishazizoea. Wafiwa hakuwazoea hata siku moja. Alipomwona Jasumati amekaa kwenye ngazi, mikono imelala mapajani kana kwamba si yake, alivua kofia.

"Pigo moja," alisema daktari wa polisi. "Amegonga hapa." Alionyesha jiliwa la kubania vyuma, lililofungwa kwenye meza ya nyuma. Lilikuwa na damu na nywele za mvi.

"Hakuteleza?"

"Anayeteleza huanguka kama gunia. Huyu alikwenda kinyumenyume kwa nguvu. Alisukumwa."

Bakili alikuwa amekwishakagua rafu. Redio zilijaa hadi darini, kila moja mahali pake. "Hakuna kilichoibwa, afande. Na alama za vidole hazitusaidii, duka la fundi hushikwa na mji mzima."

Kilichomshughulisha Isidori kilikuwa sakafuni. Tepurekoda kubwa ya zamani, ile ya rili mbili za kuzungushia utepe, ilikuwa imeanguka kifudifudi. Rili moja tupu ilibaki kwenye mashine. Ya pili, yenye utepe, ilikuwa mkononi mwa marehemu. Vidole vilikuwa vimeishika ukingoni, kwa uangalifu, kama ushikavyo sahani iliyojaa mchuzi.

"Mtu akishambuliwa hujikinga," alisema Isidori. "Huyu amekufa ameshika rili. Kwa nini?"

Wazee wa Kihindu walikuwa wamesimama mlangoni, wakiomba maiti yao; desturi yao mwili hauwekwi, unachomwa upesi. Isidori alimhimiza daktari amalize, nao wakampata mtu wao kabla jua halijazama.

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande," alisema Bakili kesho yake. Majirani walikuwa wamemnong'oneza kwamba marehemu na mdogo wake, Umakant, walikuwa hawapikiki chungu kimoja siku hizi. Umakant akaitwa kituoni. Alikuja kanyoa nywele kwa msiba, macho mekundu.

"Mligombania nini wewe na kaka yako?"

"Kuhama."

"Kuhama kwenda wapi?"

"Popote, afande. Nusu ya Wahindi wa mtaa wetu wamekwishaondoka nchini. Kaka alikataa. Alisema ana redio za watu, hawezi kuondoka na redio za watu."

"Mchana ule ulikuwa wapi?"

"Hekaluni. Waulize."

Waliulizwa, na kweli alikuwapo. Isidori alikuwa karibu kumruhusu aende alipokumbuka swali moja.

"Uliporudi, uliona mtu dukani kwa kaka yako?"

"Dukani sikupita. Kwenye kona nilipishana na mtu mzima, mrefu, shati jeupe. Analia. Analia wazi, katikati ya barabara."

"Ulimfahamu?"

"Hapana. Nilidhani amefiwa, nikampisha."

Amefiwa. Isidori alirudia neno hilo kimoyomoyo. Katika miaka yake ya kazi aliwahi kuona wauaji wakikimbia, wakilewa, wakienda kanisani. Anayetoka eneo la tukio akilia kama mfiwa hakuwahi kumwona, na huzuni ya mtu huyo asiyemjua ilianza kumwingia kabla hajamkamata.

Ilibaki ile mashine. Ilikuwa ya mteja, na mteja hajaja kuiulizia, jambo lililotosha kumtia mtu shaka. Mwenyewe ni nani? Marehemu alikuwa haandiki. Wateja wake aliwaweka kichwani. Labda utepe ungesema. Lakini mafundi wa redio wa polisi waliirudisha wakitikisa vichwa: mkanda wa mpira unaozungusha rili umekatika mashine ilipoanguka, na mjini mwote hakuna mwingine. Mwaka ule wa sabini na nne hata viberiti vilitafutwa, sembuse mkanda wa tepurekoda.

Isidori aliipakia kwenye Landrover, akaipeleka Mchafukoge kwa mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Jasumati alikuwa amevaa sari nyeupe, mikono haina bangili. Aliitazama mashine kwa muda. "Hiyo ndiyo ilikuwa mezani?"

"Ndiyo. Naomba radhi kuileta humu. Nataka iseme ni ya nani, na haizunguki."

Jasumati alikwenda nyuma, akarudi na mkasi, gundi na kipande cha tyubu ya baiskeli. Macho ya mumewe yalikuwa yamefifia, akaeleza, na mikanda mipya haiji tena, kwa hiyo miaka hii yeye ndiye aliyekuwa akikata. Alikata ukanda mwembamba, akaunganisha ncha, akaubana kwa vidole mpaka gundi ikashika. Isidori alikaa kwenye kigoda, akimwangalia mjane akifanya kazi ya marehemu kwenye meza ileile.

Mashine ilipochomekwa umeme ilinguruma, lakini rili hazikusogea. Jasumati akaisukuma moja kwa ncha ya kidole, kidogo tu, ndipo zikaanza kuzunguka.

"Ek, be, tran, char," ilisema sauti ya mwanamume mzee. Ikakohoa. "Moja, mbili, tatu. Jasu, chai yangu iko wapi?"

Jasumati alishika ukingo wa meza. Isidori alinyanyuka ili aizime, yeye akamzuia kwa mkono. Sauti ilihesabu tena, ikacheka peke yake kwa furaha ya mashine kupona, kisha utepe ukawa mtupu.

"Pole, mama. Sikujua."

"Hata mimi sikujua." Alijifuta machozi kwa pindo la sari. "Hivyo ndivyo alivyojaribu kila mashine. Sasa tusikilize upande wa mwenyewe."

"Upande gani?"

"Utepe huu una pande mbili, kama santuri. Utepe mpya haupatikani, kwa hiyo anajaribu kwa utepe wa mteja. Lakini kwanza anatafuta upande ambao hauna kitu. Aliogopa sana kumfutia mtu kitu chake."

Akainyanyua ile rili yenye utepe. Aliishika ukingoni, kwa uangalifu, na Isidori akakumbuka vidole vya marehemu.

"Mama, simama hapo. Mbona umeishika hivyo?"

"Nataka kuigeuza. Inashikwa hivi ukitaka kuigeuza."

Akaigeuza, akaisukuma kwa kidole. Sauti ya mtoto ikajaa chumbani.

"Mimi naitwa Candida Leodegar. Nina miaka minane. Tunakaa Mtaa wa Sikukuu, baba yangu anauza sufuria. Sasa nitasoma." Mwanamume alisikika akicheka kwa mbali. "Baba, usinichekeshe. Naanza tena. Mimi naitwa Candida Leodegar..."

Waliondoka kwenda Kariakoo asubuhi iliyofuata, Isidori, Bakili na Umakant, mashine ikiwa nyuma ya gari. Krismasi ilikuwa inabisha hodi. Upande wa soko jipya mafundi walikuwa bado wanagonga zege, lakini Mtaa wa Sikukuu milango mingi ilikuwa na makufuli.

"Mangi wote wamepanda kwao milimani," alisema Bakili. "Mwezi huu ukiona duka la Mchaga liko wazi, ujue kuna jambo."

Duka la sufuria lilikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, mrefu, hajanyoa, na mteja mmoja alitoka bila kuhudumiwa. Karibu na mlango kulikuwa na mizigo ya safari iliyofungwa vizuri kwa kamba. Vumbi lilikuwa limeanza kutua juu yake.

"Ndugu Leodegar?"

"Ndiye."

"Hujasafiri?"

"Bado."

"Nyumbani wapi?"

"Kilema, kule mlimani."

"Nani anakusubiri?"

"Mke wangu. Josepha."

"Na watoto?"

Leodegar aliokota kifuniko cha sufuria, akakiweka palepale. "Tulikuwa naye mmoja."

"Fundi Mansukhlal unamfahamu?"

"Namsikia."

"Mchana aliokufa ulikuwa Mchafukoge. Ulionekana unalia njiani."

"Si mimi."

Isidori aligeuka mlangoni. Umakant alimtazama yule mtu, akaitikia kwa kichwa, kisha akaangalia chini, kama anayeona haya kumtaja.

"Hulazimiki kusema neno," alisema Isidori. "Utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani."

Leodegar aliweka mikono juu ya kaunta, kiganja kando ya kiganja.

"Sikwenda kumwua, afande."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kumchukua mwanangu."

Akaeleza. Candida alifariki mwaka juzi kwa homa ya uti wa mgongo. Picha walikuwa nayo moja, na katika hiyo aligeuza uso. Kilichobaki ni sauti, siku moja ya mchezo na tepurekoda ambayo Leodegar aliinunua kwa mtu anayehama. Baada ya mazishi mashine nayo ikafa. Josepha alikataa kurudi mjini. Alibaki Kilema, akilipalilia kaburi kati ya migomba, hasemi na mtu.

"Mwaka huu akaniletea ujumbe. Nije na sauti ya mtoto Krismasi, naye atarudi nami. Basi. Sikuwa na jingine la kumrudishia mke wangu."

"Ukaipeleka kwa fundi."

"Nikamwambia, mzee, badilisha chochote, utepe usinigusie. Akasema, usijali, bwana."

"Ulipokwenda kuichukua?"

"Alikuwa anafurahi. Akabonyeza. Nikamsikia yeye. Yeye, afande, anahesabu Kihindi, anaagiza chai! Nikamwuliza, mwanangu yuko wapi? Akacheka. Akasema, ngoja bwana, ngoja. Akaishika tena ile rili. Nikaona amenifutia mtoto, na bado anataka kuuchezea utepe. Nikamsukuma. Mashine ikaanguka naye." Alipumua kwa kishindo. "Nilimzika Candida mara ya pili siku ile, na safari hii hata kaburi sina la kumwonyesha mama yake."

Bakili aliacha kuandika. Isidori alitamani mtu mwingine awe ndiye inspekta. Angeweza kunyamaza, mahakama ikasema yenyewe. Lakini huko mtu huyu angesikia mbele ya umati, na hilo aliliona ni ukatili usio na sababu.

"Utepe ule una pande mbili," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Pande mbili vipi?"

"Fundi alirekodi sauti yake upande uliokuwa mtupu. Alipokuambia ngoja, alikuwa anaigeuza rili. Akusikilizishe mtoto wako."

"Hapana."

"Amekufa ameishika mkononi, ndugu yangu."

"Hapana," alisema Leodegar tena, kwa sauti ndogo.

Mashine ikaletwa, ikawekwa kwenye kaunta kati ya sufuria. Isidori aliisukuma rili kwa kidole kama alivyoona, mara ya kwanza ikagoma, mara ya pili ikazunguka. *Baba, usinichekeshe,* alisema Candida. *Naanza tena.*

Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Hawakumsikia Leodegar siku ile. Watu walitoka hadi barabarani wakidhani kuna aliyegongwa na gari, na Umakant, aliyekuwa amekuja na chuki yake tayari, alikwenda kumshika bega muuaji wa kaka yake asianguke.

Josepha aliteremka kwa basi baada ya mwaka mpya. Alikuwa mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa cheusi, na alifika kituoni bila kuuliza habari ya mashtaka. Aliomba kitu kimoja tu. Isidori alimweleza kwamba utepe ni kielelezo cha kesi, hauwezi kwenda Kilema. Angeruhusiwa kuusikiliza hapahapa. Lakini mashine iligoma. Mkanda ule wa tyubu ulikuwa na ukaidi wake, na kila askari aliyejaribu alikaribia kuukata.

Ikabidi Isidori aende Mchafukoge kwa mjane.

"Unaweza kukataa, mama," alimwambia Jasumati alipokwisha kumweleza. "Hakuna atakayekulaumu."

Jasumati alimmiminia mgeni chai, akaiweka mezani.

"Bila mtu wa kuisukuma haizunguki," alisema, akaenda kuvaa viatu.

Wakakaa wawili chumbani pale kituoni, sari nyeupe na kitambaa cheusi, mashine katikati. Isidori alisimama mlangoni. Kisheria alipaswa kuwapo, ingawa alijiona mwizi. Hakuna aliyewatambulisha. Jasumati alikaza mkanda, akaisukuma rili kwa ncha ya kidole, na Candida akajitaja jina, akasoma, akamgombeza baba yake. Josepha aliinama mpaka paji la uso likagusa mashine. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na maneno ya mtoto.

Utepe ulipokwisha, hakuna aliyeizima mashine. Ncha ya utepe iliendelea kugonga tap, tap, hadi Josepha akainua uso.

"Na upande ule mwingine, mama?" aliuliza. "Una nini?"

"Upande ule ni mume wangu."

Josepha alimtazama. Alijua sasa ni nani aliyekuwa akimwendeshea mashine.

"Basi tumsikilize na yeye," alisema.

Jasumati akaishika rili ukingoni, akaigeuza.