Egemeo la Bibi na Keria ya Mikate

Kila Jumamosi asubuhi, Mbishi alichuchumaa nyuma ya pikipiki ya mama yake na spana namba kumi na mbili mkononi. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake akiwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na kumi na mitatu, na hakuwahi kulikataa. Kazi yake ilikuwa kufungua keria kubwa ambayo mama alibebea mikate ya kupeleka madukani, kisha kufunga egemeo la bibi, fremu ya chuma ya kumshikilia mgongo. Bolti nne za kufungua, nne za kufunga, na zote zina kutu. Nusu saa ilikwenda hivi hivi na vidole vikichubuka.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja, na bila egemeo hakuweza kukaa juu ya pikipiki kwenda hospitali kufanya mazoezi ya mguu. Jumamosi moja nati ilidondoka mchangani, wakaitafuta hadi muda ukapita. Jumamosi iliyofuata bolti iligoma kabisa. Muuguzi alipiga simu akasema wazi: bibi akikosa tena, mguu utakakamaa na hatatembea.

Jioni hiyo mama alikata shauri. "Nitamwambia Fundi Cheche aichomelee keria, isitoke tena. Mikate ndiyo inayotulisha, mwanangu. Bibi atafanya mazoezi hapa nyumbani."

"Nani atamfundisha? Kuku?"

"Chunga mdomo wako!"

"Nisamehe, mama. Lakini sikubali. Nipe mpaka Jumamosi."

Mama alishusha pumzi. Alimjua bintiye: angekataa leo, angebishiwa wiki nzima. "Mpaka Jumamosi, basi. Siku moja zaidi sikupi."

Jumatatu baada ya shule, Mbishi alisimama mbele ya Fundi Cheche, mchomeleaji wa mtaani, na karatasi ya daftari. Alikuwa amechora vibomba viwili vifupi vinavyobaki kwenye pikipiki siku zote. Keria ina miguu miwili, egemeo lina miguu miwili, na yote inaingia kwenye vibomba hivyo hivyo. Pini moja inapita kwenye tundu kila upande kuzuia mguu usichomoke. Ukitaka kubadilisha, unachomoa pini, unanyanyua, umemaliza.

Fundi alicheka mpaka akavua miwani yake ya kazi. "Hii ni pikipiki, siyo droo ya kabati! Nenda kasome, binti."

"Nimeshasoma. Leo nimekuja kuchomelewa vibomba."

"Na egemeo likianguka?"

"Lawama ni zangu."

Vijana waliokuwa wakisubiri pikipiki zao waliangua kicheko, na safari hii walimcheka fundi. Akashika karatasi kwa shingo upande. Mbishi alileta mabomba kutoka kwa muuza vyuma chakavu, na miguu ya kitanda kibovu iwe miguu ya keria na egemeo. Kwa pini, fundi alisema subiri, atatafuta chuma kigumu. Mbishi hakutaka kusubiri. Alikata misumari miwili minene, akaipachika.

Jumatano jioni kazi ilikamilika. Keria ilitoka na egemeo likaingia kabla mtu hajamaliza kuhesabu hadi sitini. Vijana wakapiga makofi. Mbishi akamgeukia fundi, kidevu juu. "Droo ya kabati hiyo!"

Mikate ilibebwa Alhamisi, ikabebwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Mbishi alichomoa misumari. Yote miwili ilikuwa imepinda, na matundu yalikuwa yamepanuka. Alipachika egemeo, akarudishia misumari, akalitikisa. Likacheza. Labda litafika, alijiambia. Hospitali si mbali. Na karakana ya Fundi Cheche ilikuwa ng'ambo ya barabara, imejaa wale wale waliompigia makofi. Akanyamaza.

Bibi alikalishwa, akafungwa kanga kiunoni, akaegemea huku akitabasamu. "Leo nimekaa kama malkia," alisema. Mama akawasha pikipiki.

Mbishi aliruka akasimama mbele ya gurudumu. "Hamwendi!"

"Toka hapo, tunachelewa!"

"Sitoki! Mshushe bibi. Misumari imepinda. Nimeiona na nikanyamaza." Miguu yake haikusogea. "Fundi aliniambia nisubiri pini ngumu, nikajifanya najua."

Mtaa mzima ulisikia. Fundi Cheche alivuka barabara, akachomoa msumari mmoja, akauinua juu watu wauone. Mtu mmoja akacheka.

"Chekeni!" Mbishi aliwaambia, macho yamejaa machozi. "Kilichoharibika ni pini na matundu. Kazi yenyewe ni nzuri, na naimalizia leo!"

"Kweli ni nzuri," fundi alisema polepole, na kicheko kikakatika. "Ingia ndani. Leo wewe ndiye utakayeshika tupa."

Bibi aliwekwa kwenye benchi la karakana, akagoma kurudishwa nyumbani. Fundi alichomelea washa nene, vipete vya chuma, kuzunguka kila tundu. Mbishi alisugua kwa tupa pini za chuma kigumu mpaka zikaingia bila kucheza, akatia kibanio mwishoni mwa kila moja zisichomoke kwa mtikisiko. Kisha fundi mwenyewe, mwili wote huo, akapanda na kuegemea kwa nguvu zake zote. Egemeo halikusogea.

Walipiga simu hospitali. Muuguzi alisema atawasubiri.

Kabla ya kupandishwa, bibi alimshika mjukuu wake mkono kwa ule mkono wake mzima. "Umembishia mama yako kwa ajili yangu, nikafurahi. Umembishia fundi, nikacheka. Lakini leo roho yako ilikuambia unyamaze usiaibike, nawe ukaibishia mbele za watu. Hapo ndipo ulipoyaokoa maisha yangu. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajaumia. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Haya, nipandishe. Mguu huu nao ni mbishi, nataka nikapambane nao."