Kanga Zilizogeuka Arusini

Kinusachuki, mtambo wa duka la kanga la mtandaoni, hakikuwa na pua, lakini hasira ya mtu kiliinusa hata akiwa amejifungia chooni. Kilisoma mapigo ya moyo kupitia vikuku vya afya vilivyovaliwa na kila mkazi wa Tanga, kikasikiliza maneno ya majumbani, kikajua nani anamchukia nani na kwa nini. Kisha kilimnong'oneza mwenye chuki: unataka kanga ya kumjibu? Akikubali, oda ilikwenda kwa msanii, na mchoro ukishalipiwa uliingia wenyewe kwenye kanga-hai, nguo ya nyuzi za nuru inayobadili maua na maandishi mvaaji anapogusa pindo.

Siwema, binti wa miaka ishirini na mbili, alikuwa mmoja wa wasanii hao. Alishajaribu kuuza mtandaoni picha za mandhari, sura za maharusi, hata michoro ya kutundika sebuleni. Watu walisifu, wakapita. Kilichonunuliwa ni matusi, basi akachora matusi, tena kwa mkono mzuri. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mkono huo alifundishwa na shangazi yake, Bi Mwanamvita, aliyemchukua akiwa na miezi saba, mama yake alipofariki. Shangazi alikuwa mchoraji enzi za kanga za pamba. "Anza na pindo," alizoea kusema. "Na pembe zako hazikutani, mwanangu. Kanga ya pembe mbovu ni tambara." Korosho alizochora pindoni aliziinamisha kushoto, na Siwema akarithi hivyo hivyo.

Jumatatu ikaja oda. Kinusachuki hakikutaja majina, kilitaja kidonda tu: mjane, hakuzaa, amelea mtoto wa kaka yake na anajivuna naye. Sare ya arusi, kanga arobaini.

Siwema alisita. Wajane wa namna hiyo wamejaa mjini, alijiambia. Alijua, ila alichagua kutojua, maana msanii anayekataa oda husukumwa mkiani mwa duka asionekane tena. Akatafuta maneno yenye sumu, na sumu haikuwa mbali. Shangazi, siku alipomzika mumewe, alimwambia huku analia, wakiwa wawili tu chumbani: "Pengine hata wewe sikukulea. Nilikuazima tu."

Akaandika: MGUMBA HALEI, HUAZIMA.

Jumamosi walifuatana kwenye arusi ya binti wa Bi Pili, wifi yake shangazi. Wanawake arobaini walikuwa wamejifunga sare ya kijani. Bi Mwanamvita alipovuka kizingiti cha ukumbi, Bi Pili aligusa pindo lake, na kanga zote arobaini, zilizounganishwa na yake, zikageuka nyekundu kwa pamoja. Wanawake wakampa mgongo ili asome vizuri.

"Karibu, wifi," alisema Bi Pili. "Soma basi. Si unajua kusoma?"

Kicheko kikapita ukumbi mzima. Bi Mwanamvita alisoma, wala uso wake haukubadilika. Kisha akamsogelea mwanamke aliyekuwa karibu, akashika kanga yake, akazitazama korosho zilizoinama kushoto. Akaufuata mstari kwa kidole mpaka kwenye pembe. Siwema alitamani ardhi immeze.

"Pembe zimekutana," alisema shangazi bila kumwangalia.

"Shangazi, mimi sikujua kama ni..."

"Neno hili nilimwambia mtu mmoja tu."

Akaiachia kanga, akatoka. Siwema alimkimbilia mpaka nje, lakini shangazi alikwishapanda gari lisilo na dereva na mlango ulikuwa umefungwa. Kupitia kioo alimwona ameinamia kikuku chake, anakisemesha. Gari likaondoka.

Punde kikuku cha Siwema nacho kikatetemeka. Ilikuwa oda mpya, na oda haimfikii msanii mpaka mteja awe amekubali.

Mteja: mjane. Mlengwa: binti wa miaka ishirini na mbili. Kidonda: alilelewa. Msanii: amechaguliwa na mteja mwenyewe. Maneno: msanii anayajua.

Ndani ya ukumbi ngoma ilikuwa imerudi. Siwema aliketi kwenye ngazi na gauni lake jipya, akatoa ubao wake wa kuchorea, na machozi yakimtoka akaanza na pindo.