Folda ya Vyeti

Kila asubuhi kabla ya kupanga mstari, Mwanne na Goodhope, wasichana wa darasa la sita, hufagia maktaba ya shule yao mjini Kilosa. Kisha hufuta vumbi kwenye seva, kompyuta inayotunza masomo na mitihani ambayo wanafunzi huifungua kwa vishikwambi. Seva hiyo hufunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi. Goodhope ndiye mtunza ufunguo wa maktaba, na hujivunia kazi hiyo kiasi kwamba huulalia ufunguo.

Jumatatu moja umeme ulikatika alfajiri, kisha ukarudi. Seva iliwaka, lakini vishikwambi vyote thelathini viligoma kuunganishwa nayo. Saa nne darasa la sita walikuwa na mtihani wa majaribio.

"Shikamoo Mwalimu," wasichana walimwamkia Mwalimu Onesphory, mwalimu wa kompyuta, alipoingia.

"Marahaba. Hebu nione." Alibonyeza hapa na pale, kisha akavua miwani. "Folda ya vyeti haipo. Imefutwa Jumamosi jioni. Goodhope, ufunguo si unakaa nao wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu, lakini mimi sijafuta kitu."

"Basi tumeingiliwa na jini. Mpaka nimjue jini huyo, ufunguo uweke mezani."

Goodhope aliuweka mezani huku machozi yakimlengalenga. Alimtazama Mwanne mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Hakumtaja mtu.

Jumamosi, waliporudi kutoka ziara ya mbuga ya Mikumi, Mwanne ndiye aliyeazima ufunguo ili aingize picha kwenye seva. Picha zilikuwa mia tatu, nyingi za tembo mmoja aliyewapa mgongo muda wote, na seva ikasema imejaa. Ndipo alipoiona folda iliyoandikwa "Vyeti". Alidhani ni vyeti vya waliomaliza darasa la saba zamani, na wenyewe walishachukua vyao. Akaifuta.

Aliogopa kusema, lakini aliona aibu zaidi kunyamaza.

"Mwalimu, jini ni mimi," alisema, na akaeleza yote.

Mwalimu Onesphory alijitahidi asicheke, ikamshinda. "Vyeti vya darasa la saba," alirudia akifuta macho. Kisha akaendelea kwa upole: "Kile kilikuwa cheti cha seva yenyewe, na ilipowaka upya leo haikukiona. Ukihamia mtaa mwingine, unakwenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa uliotoka, ili wenyeji wajue ni wewe kweli. Seva nayo huonyesha cheti chake kwa vishikwambi. Sasa wewe barua yetu umeichana."

"Hatuwezi kupata nyingine?"

"Tutapata, lakini itachukua siku kadhaa. Kwa leo nitairudisha seva kwenye cheti chake cha mwanzo, kile inachojiandikia na kujisaini yenyewe."

Goodhope aliinua kichwa. "Si ni kama mtu kujiandikia barua ya utambulisho?"

"Hasa. Ndiyo maana vishikwambi havitakiamini. Itabidi tukihakiki sisi."

Saa nne kasoro dakika kumi seva ilikuwa tayari. Wanafunzi walikaa wawili wawili kwa kila kishikwambi, na kila kioo kilitoa onyo: cheti hiki kimejisaini chenyewe. Mwalimu alisoma alama za cheti kwenye seva, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, akazinakili ubaoni.

"Hizi ni kama alama za vidole. Linganisheni na zilizo kwenye vishikwambi vyenu. Zikifanana zote, ndipo mkubali. Zinafanana?"

"Zinafananaaa," darasa liliitikia, kama linavyoitikia kila swali.

Mwanne alinyoosha mkono. Nyuma yake kulikuwa na walioguna, maana walitaka mtihani uanze.

"Mwalimu, kwangu hazifanani. Ubaoni kuna nane, hapa kuna B."

Mwalimu alirudi kwenye seva, akainama, akapapasa usoni. Miwani ilikuwa bado mezani, kando ya ufunguo. Aliivaa, akatazama tena.

"Ni B. Nimekosea mimi," alisema, akasahihisha. Kisha akauchukua ufunguo na kumrudishia Goodhope. "Samahani, binti. Na wewe Mwanne, baada ya mtihani utachagua picha kumi za Mikumi. Nyingine tutazifuta pamoja, na tembo wako abaki na picha moja."

Darasa lilicheka. Mwalimu alingoja watulie.

"Ninyi nyote mmeniambia zinafanana, na wengi hamkutazama. Aliyeniambia nimekosea ni yule yule aliyekiri asubuhi kwamba amekosea yeye. Mtu wa namna hiyo namwamini hata bila barua ya mtendaji. Semeni kweli, hata pale inapowaumiza wenyewe. Tumeelewa?"

Midomo ilifunguka, kisha ikafungwa. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, darasa la sita lilifikiri kwanza kabla ya kuitikia.