Kipande cha Neti

Mwaka wa 2013, kila Jumamosi asubuhi, Amuria alikuwa na kazi moja tu katika zahanati ya shangazi yake, Sista Bilha, mjini Kakuma. Alitoa chujio la mashine ya kupoza hewa katika chumba cha wagonjwa, akalisuuza kwa maji matupu, akalianika kivulini, kisha akalirudisha likiwa limekauka. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Mtoto wa darasa la saba hana sababu ya kushindwa nayo, ila Amuria alikuwa mvivu, na mvivu hakosi sababu.

Jumamosi moja alilitundika chujio kwenye ua wa miiba, akakimbia kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake. Aliporudi alimkuta mbuzi akimalizia kutafuna. Ilibaki fremu ya plastiki tu.

Amuria aliogopa. Machujio yaliletwa kutoka Lodwar, na shangazi hakuwa mtu wa kuchekea uzembe. Basi alikata kipande cha neti kuukuu ya mbu, akakifunga kwenye fremu, akairudisha mahali pake. Jenereta ilipowashwa, upepo ulitoka kwa nguvu kuliko zamani.

"Kumbe hii ni bora zaidi!" alijisifu.

Mbu huzuiwa na neti. Vumbi la Kakuma ni laini kama unga, nalo lilipita bila kubisha hodi.

Chini ya mashine hiyo alilazwa Mou, mvulana wa miaka sita mwenye pumu. Mama yake, Ayak, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ndiye aliyekuwa akifagia zahanati. Jumatatu Mou alikohoa hadi midomo yake ikabadilika rangi. Sista Bilha alimwekea oksijeni. Alipoona mtoto anapumua, alipitisha kidole kitandani, kikatoka na vumbi.

"Mama Mou! Nimekwambia mara ngapi umwage maji kabla ya kufagia?"

"Sista, mimi namwaga kila siku. Hii ni mtoto yangu. Mimi naweza leta yeye vumbi?"

"Nusura umuue kwa uvivu wako. Toka! Sitaki kukuona tena ndani ya chumba hiki."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walisikia kila neno, na mmoja akacheka. Amuria alikuwa mlangoni. Ulimi alikuwa nao, hakuutumia. Ayak alikwenda kuketi nje ya lango, juani, maana hakuweza kumwacha mwanawe.

Ufagio alikabidhiwa Amuria. Alimwaga maji, akafagia, akapangusa mara tatu kwa siku, na bado Mou alikohoa. Ndipo Sista Bilha alipoishuku mashine, akamwita fundi Kariuki kutoka Lodwar.

Jumatano fundi aliegemeza ngazi ukutani.

"Shangazi, ni mimi," Amuria alisema. "Mbuzi alikula chujio. Nikaweka neti."

Hakusema kwa ushujaa. Alisema kwa sababu fundi alikuwa tayari amekanyaga ngazi.

Kariuki aliikung'uta neti, vumbi likamwagika. "Chujio huchaguliwa, binti," alisema akiweka jipya. "Matundu yakiwa makubwa, vumbi linapita. Chujio likiwa zito mno, hewa haipiti na mashine inaganda barafu."

Sista Bilha alimshika Amuria mkono, akamburuta hadi langoni, mbele ya watu wote. "Sema."

Amuria alisema yote. Kisha Sista naye akainamisha kichwa. "Nimekukosea, Mama Mou. Nilikuhukumu kabla ya kuchunguza. Rudi ndani, na kazi yako ipo."

Ayak alimgeukia Amuria.

"Mbuzi kula, hiyo ni bahati mbaya. Lakini siku mbili mimi nasikia mtoto yangu anakohoa, ukuta iko katikati. Na wewe unapita hapa, unanisalimia ejok."

"Nisamehe, mama."

"Iko siku nitasamehe. Leo hapana."

Akaingia ndani. Amuria alianza kulia, na shangazi hakumbembeleza.

"Ukiharibu kitu, sema siku ileile," Sista Bilha alimwambia. "Ukinyamaza, adhabu yako haipotei. Inamwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea."

Kupitia dirisha walimsikia Mou, kwa sauti iliyokauka, akimuuliza mama yake mbona alimwacha.