Skrubu Ndani ya Sponji

Kila alasiri, baada ya kuvua sare na kufua soksi zake, msichana mmoja aliingia karakana ya baba yake iliyokuwa nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kuchambua skrubu na kuziweka kwenye vikopo kwa ukubwa, kufagia, na kujaribu vitu vilivyotengenezwa kabla wenyewe hawajavifuata. Wateja walimwita Fundi Mdogo. Mdogo wake, aliyekuwa darasa la kwanza, aliitwa Kidomo, kwa sababu hata akiwa anakula aliongea.

Siku hiyo mezani palikuwa na kichezeo cha mwalimu wa chekechea: mtambo wa kurusha magari ya sponji. Ndani yake, mota ilizungusha magurudumu mawili ya mpira. Gari likisukumwa katikati ya magurudumu hayo, lilibanwa kisha likafyatuliwa mbele. Baba alikuwa ameunga waya uliokatika.

"Ujaribu vizuri," alisema, akikusanya bisibisi zake. "Mwenyewe anakuja kesho mchana. Mimi nakwenda kutazama pampu ya jirani."

Mtambo ulifanya kazi. Tatizo lilikuwa magari. Yalikuwa mepesi mno, na kila moja lilipinda hewani kabla ya kufika kwenye katoni aliyoiweka kama shabaha.

"Dada, gari lako limelewa," Kidomo alisema. "Linatafuta kwao."

"Wewe kaa huko ukutani uokote. Mdomo hauokoti."

"Mdomo ndio unaokuambia umekosa."

Fundi Mdogo alifikiri. Aliona kwamba gari lilihitaji uzito mbele. Alichukua skrubu fupi yenye kutu, iliyotoka kwenye redio kuukuu, akaipachika puani mwa gari mpaka kichwa chake kikabaki kimetokeza kidogo. Hesabu yake haikuwa mbaya. Gari lilikwenda moja kwa moja, likapiga katoni. Alilirusha tena, likaenda moja kwa moja vilevile, wakati Kidomo anainuka kuiweka katoni sawa.

Kidomo hakupiga kelele. Alishika jicho la kulia, akakaa sakafuni.

Dada yake aliokota gari, akachomoa skrubu na kuirudisha kwenye kikopo chake. Ndipo alipomwendea. Jicho lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

"Utasema gari la sponji limekupiga," alimwambia. "Skrubu usiitaje. Na si uongo. Si ni gari la sponji?"

Kidomo aliitikia kwa kichwa.

Jioni hiyohiyo mama aliwapeleka wote wawili zahanati. Tabibu alikuwa mwanamke mwenye miwani minene. Aliuliza kilichompiga mtoto.

"Gari la sponji," Fundi Mdogo alijibu.

"Basi ni mkwaruzo tu," tabibu alisema. Alitoa dawa ya matone, akawaambia warudi ikiwa hali itakuwa mbaya.

Nyumbani msichana aliosha vyombo. Mama alimuuliza kama chumvi imekolea, naye akasema imekolea kabla hajaonja. Alingoja hofu imjie, haikuja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: ni wako, lakini huusikii.

"Leo huyu jicho limemfunga mpaka mdomo," mama alisema, akimtazama Kidomo aliyelala ameelekea ukutani.

Asubuhi jicho lilikuwa limevimba. Mama alipofungua dirisha, Kidomo alijifunika uso kwa shuka na kuomba lifungwe. Walirudi zahanati bila kunywa chai.

Tabibu alimtazama mgonjwa wake, akakunja uso. "Mkwaruzo wa sponji ungekuwa umeanza kupoa. Pengine vijidudu vimeingia. Nitabadilisha dawa." Alimwinamia Kidomo. "Hebu niambie, kijana. Ni sponji kweli?"

Kidomo alimtafuta dada yake kwa jicho moja.

"Ni sponji," alisema.

Hata hapo msichana hakusikia uchungu wowote. Alichokiona ni jambo moja tu, wazi kama vyombo vilivyopangwa mezani: tabibu alikuwa anachagua dawa kwa kufuata maneno yake.

"Ndani ya sponji kulikuwa na skrubu," alisema.

Mama aligeuka. "Skrubu gani?"

"Fupi. Niliipachika mimi. Kichwa kilitokeza."

Tabibu aliweka chupa ya dawa chini. "Mpya au ya zamani?"

"Ya zamani. Ina kutu."

Tabibu hakuuliza zaidi. Alimtia Kidomo dawa ya ganzi, akamwegemeza kidevu kwenye mashine yenye taa nyembamba, akachungulia muda mrefu. Kwenye kioo cha jicho, chini kabisa, palikuwa na chembe ya kutu ndogo kuliko punje ya sukari. Aliiondoa kwa ncha ya sindano. Kidomo alikuwa ameshika kidole cha mama, na hakutikisika.

"Ingekaa ingeacha kovu," tabibu alisema, akivua glavu. "Na kovu la hapo ni kama doa kwenye kioo, unatazama kupitia doa hilo maisha yako yote. Sasa ataona vizuri." Kisha alimgeukia Fundi Mdogo. "Jana hukuniambia uongo, mwanangu. Uliniambia nusu ya kweli. Uongo pengine ningeushuku. Nusu ya kweli niliiamini, nikaitibu, na huku nusu ya pili inaendelea kumla mdogo wako jicho. Anayeficha kipande cha kweli, anamfunga kitambaa machoni mtu anayetaka kumsaidia."

"Nimekosa, daktari."

"Mwambie yeye."

Aliomba msamaha. Kidomo, jicho limefungwa bandeji, alisema amesamehe, ila sasa ni zamu yake kurusha. Mama alimwambia hakuna atakayerusha chochote.

Nje jua lilikuwa kali.

"Nitakugombeza nyumbani," mama alimwambia binti yake. "Kwanza mshike mwenzio mkono. Upande huo haoni."

Alimshika. Mkono ulikuwa wa moto, umelowa jasho, na ghafla machozi yakamtoka. Alilia njia nzima bila sauti. Mama alimwacha alie mpaka paa la karakana lilipoonekana.

"Baba yako utamwambia wewe," alisema. "Na uanzie kwenye skrubu."