Mguu Uliokanyaga Breki

Tuliokuwapo ni hawa. Taraivini Lutua, mwenye nyumba, mjane, binti wa mama yangu mkubwa. Mesulame Lutua, shemeji yake, mwenye pikapu iliyokuwa imepandishwa jeki uani. Sakaraia Nabou, fundi wa magari anayewafuata wateja majumbani hapa kwetu Savusavu, mji mdogo wa kisiwani. Na mimi, Eremasi Tuivaga, niliyeketi barazani. Hakuwapo mwingine. Nalitaja hili mapema kwa sababu wako wanaosema tulikuwa watano.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali, nguo zimeanikwa, na harufu ya samaki wa nazi ilikuwa bado jikoni. Mesulame na Sakaraia ni watoto wa shangazi na mjomba, na kwetu watu wa namna hiyo ni watani.

"Binamu, pedi hizi za breki zimelika hadi chuma," alisema Sakaraia, akizitupa chini. "Ulikuwa unasimamisha gari kwa kitu gani, kwa maombi?"

"Mimi Mmethodisti bwana. Maombi yanatosha."

"Basi mwite mchungaji akufungie hizi mpya."

Walicheka. Taraivini hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifumbata.

Mwaka uliotangulia, katika uwanja huo huo, Sakaraia alitengeneza breki za gari la Ulamila, binti pekee wa Taraivini. Kesho yake Ulamila alikuwa akishuka mlima wa barabara ya Labasa, breki zikakataa, akafa pale mlimani. Fundi Ganesan wa mjini alilifungua lile gari bovu mbele yetu. Raba za breki zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai. "Huyu ametiliwa mafuta ya injini kwenye breki," alisema. "Mafuta hayo hula raba. Kila fundi anajua."

Sakaraia alikuja msibani na jino la nyangumi, kama mila yetu inavyotaka. Lakini alilitoa kwa maneno ya kumlilia marehemu, si kwa maneno ya kuomba msamaha. Jino ni lile lile. Maneno ndiyo yanayozika kosa au kuliacha juu ya ardhi. Tuliokaa upande wa kupokea tulisubiri yale maneno mengine. Hayakuja. Baadaye akasema dukani kwamba Ulamila alikuwa anaendesha kama kichaa.

Tangu hapo Taraivini alitaka jambo moja tu: Sakaraia akiri kwa kinywa chake. Ndiye aliyemwita aje kutengeneza gari la shemeji yake. Naye Sakaraia akaja, kwa kuwa kukataa kungekuwa sawa na kukiri.

Nilipofika asubuhi ile nilimkuta Taraivini akinywa yangona, kinywaji chetu cha mizizi, peke yake. Kwetu hakuna anayekunywa yangona peke yake. Anayefanya hivyo ana mgeni ambaye wengine hatumwoni. Mkekani palikuwa na vikombe viwili vya kifuu. Cha pili kilikuwa kimelowa.

Kazi ya kutoa upepo kwenye breki huhitaji watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani na kukanyaga pedali. Mwingine, chini, hufungua kijipu, skrubu ndogo ya gurudumuni, kwa spana, upepo ukatoka pamoja na mafuta hadi kwenye chupa, kisha hukifunga. Mesulame ndiye aliyekanyaga.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Haya, achia."

Walimaliza magurudumu matatu hivyo. Kisha nguruwe wa jirani akaingia kwenye viazi, na Mesulame akashuka kimya kimya kwenda kumfukuza. Sakaraia alikuwa chini ya gari. Hakumwona.

"Kanyaga!"

Nilitaka kumwambia hakuna mtu. Sikuwahi.

"Nimekanyaga, kaka Saka."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ndogo. Imechoka. Mafuta yakatiririka kwenye chupa.

Mesulame alikuwa karibu nami, fimbo mkononi. Alinishika bega. "Mzee," alininong'oneza, "nani yumo?"

Kitini hapakuwa na mtu. Pedali ilikuwa chini, imegusa sakafu.

Sakaraia alifunga kijipu. Spana ikagonga chuma.

"Achia," alisema.

Pedali haikupanda.

"Achia!"

"Siwezi. Mlima haujaisha."

Alijivuta kutoka chini ya gari kwa viwiko. Uso wake ulikuwa wa majivu. Taraivini alishuka ngazi, akasimama mbele yake.

"Anakusikia," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie ulimtilia mafuta gani. Omba msamaha, nami nitaupokea. Jino lako bado liko ndani."

Nilimwangalia Sakaraia. Midomo yake ilifunguka. Naamini neno lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha akamtazama Mesulame, akanitazama mimi, akakunja kitambaa chake cha kufutia mikono.

"Nilitia mafuta ya breki, mama. Alikuwa anakimbiza gari. Mungu ni shahidi."

Pedali ilipanda. Polepole. Ikakaa mahali pake.

"Haya," alisema Taraivini. "Nenda."

Sakaraia alikusanya vyombo vyake, akakataa chai, akaondoka kwa kigari chake. Tulipochungulia ndani ya pikapu, raba ya pedali ilikuwa na alama ya mguu mtupu, mdogo, wa kulia. Ilikuwa ya udongo mwekundu, kama wa ule mlima wa Labasa. Uwanja wa Taraivini ni mchanga mweupe. Mesulame aliiosha kwa sabuni, na asubuhi ilikuwapo tena.

Jumatano iliyofuata mteja wa Labasa alimwita Sakaraia. Dereva wa basi lililomfuata mlimani alisema taa nyekundu za breki za kigari kile ziliwaka kuanzia kileleni hadi chini, bila kuzimika, na gari halikupungua mwendo. Ganesan alizikagua breki. Zilikuwa nzima.

Sakaraia Nabou alifia pale pale alipofia Ulamila.