Nati na Chafya ya Mwalimu Mkuu

Haya, sogeeni karibu. Huyu ni Sekela.

Sekela anasoma darasa la kwanza, kule Tukuyu ambako mvua haichoki. Anakaa karibu na dirisha. Anatazama matone yakishindana kuteremka kwenye kioo.

Sekela ana usonji. Kelele nyingi humuumiza masikio. Akifurahi, mikono yake hupepea, pepe pepe pepe!

Na maneno? Maneno huyasikia kama yalivyo. Kama yalivyo hasa.

Siku moja Mwalimu Tusa alisema, "Watoto, pigeni mstari."

Sekela akanyoosha kidole. "Mwalimu, mstari umekosa nini?"

Darasa zima likacheka. Kwa kwa kwa!

Lakini Sekela hakuwa anatania. Alikuwa anauonea huruma mstari.

Tangu siku hiyo akaacha kuuliza. Maswali yakabaki tumboni, yakimtekenya. Mdomo akaufumba. Fyu!

Kisha likaja boksi kubwa shuleni. Ndani ya boksi mlikuwa na roboti.

Alikuwa mfupi, kama ndoo mbili zilizopandana. Alikuwa na macho ya taa za buluu, na mikono laini ya plastiki.

"Huyu ni Nati," alisema Mwalimu Tusa. "Atakaa na Sekela. Watafanya mazoezi ya kuongea."

Sekela akamtazama Nati. Nati akamtazama Sekela. Hakuna aliyeongea. Ilikuwa raha sana!

"Haya, tuanze," alisema Mwalimu Tusa. "Pigeni mstari!"

"Bip-bip!" alisema Nati. "Nimesikia. Nafanya!"

Akaenda mpaka ubaoni, viri viri viri. Akauona mstari. Akaupiga. Pa! Pa! Pa!

"Wewe mstari," aliuliza Nati, "utarudia tena?"

Mstari haukujibu.

Darasa likacheka. Kwa kwa kwa! Sekela hakucheka. Alikaa wima kabisa. Kumbe kuna mwingine!

"Basi, basi," alisema Mwalimu Tusa. "Tutoke nje, tupige picha ya kumkaribisha Nati."

"Bip-bip! Nimesikia. Nafanya!"

Ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe. Nati akaipiga. Pa! Pa! Pa! Picha ikaanguka, na ng'ombe akalala kifudifudi sakafuni.

"Pole, ng'ombe," alinong'ona Sekela.

Mwalimu Mkuu akasikia kelele. Akaja mbio na kofia yake kichwani na simu mkononi. Vumbi la chaki lilikuwa limejaa darasani.

"Kuna nini hum... ha... ha... HACHIII!"

"Lo!" alisema Lwitiko, mtoto wa dawati la mbele. "Mwalimu Mkuu amepiga chafya!"

"Bip-bip! Amepiga chafya?" Macho ya Nati yakawaka. "Masikini chafya! Imeumia? Iko wapi?"

Nati akaitafuta chini ya dawati. Akaitafuta ndani ya ndoo. Akaitafuta ndani ya kofia ya Mwalimu Mkuu.

"Chafya! Toka, usiogope! Hakupigi tena!"

Watoto nao wakaanza kutafuta. Lwitiko akatambaa chini ya meza. "Huku haipo!"

Hata Mwalimu Tusa akafungua kabati, akachungulia. Halafu akaona aibu, akalifunga polepole.

"Mimi sijampiga mtu!" alifoka Mwalimu Mkuu. Akafungua namba ya fundi, akaiweka simu yake mezani. "Mwalimu Tusa, piga simu kwa fundi, haraka!"

Mama yangu! Watoto wakashika vichwa.

"Bip-bip! Nimesikia. Nafanya!"

Pa! Simu ikaruka juu. Ikazunguka. Ikatua ndani ya kikombe cha chai cha Mwalimu Tusa. Chubwi!

"Haloo?" ikasema sauti ya fundi kutoka ndani ya chai. Blubu, blubu. "Haloo? Nani anapiga?"

"Ni mimi, Nati!" alisema Nati.

Chai iliyoruka ilikuwa inamdondoka Mwalimu Mkuu ndevuni. Ndo, ndo, ndo.

"Mrudisheni kwenye boksi," alisema. "Kesho aende alikotoka. Roboti huyu haelewi kitu!"

Macho ya Nati yakafifia. "Bip-bip," alisema kwa sauti ndogo. "Nimesikia. Nafanya."

Viri... viri... viri. Akaingia kwenye boksi mwenyewe. Akavuta kifuniko.

Ilisikika mvua tu. Cha cha cha cha.

Maswali yakapanda kutoka tumboni mwa Sekela. Yakafika kifuani. Yakafika shingoni.

Sekela akaziba masikio. Akafumba macho. Akafumbua mdomo.

"NATI ANAELEWA!"

Wote wakageuka.

"Mmesema piga, na yeye kapiga! Kwani simu imekosa nini? Picha je? Na mstari je?"

Hakuna aliyecheka. Lwitiko akajikuna kichwa.

"Hata mimi sijui," alisema Lwitiko. "Mwalimu, kwa nini tunapiga simu?"

Mwalimu Tusa akaitazama simu ndani ya kikombe. "Mh! Ndivyo tunavyosema tu."

Mwalimu Mkuu akakaa kwenye kiti kidogo cha mtoto. Magoti yakamfika kidevuni.

"Kila asubuhi napiga mswaki," alisema taratibu. "Na mswaki wangu una adabu kabisa."

Sekela akainama juu ya boksi. "Nati, kuna kupiga kwa mkono, na kuna kupiga kwa maneno tu. Vinachanganya. Hata mimi vinanichanganya. Ukisikia piga, uliza kwanza."

Sauti ndogo ikatoka ndani ya boksi. "Wakinicheka?"

"Wakikucheka, niulize mimi. Mimi sicheki."

Kifuniko kikainuka. Taa mbili za buluu zikachungulia.

"Bip-bip! Nimesikia. Nauliza!"

Mwalimu Tusa akachuchumaa karibu na Sekela. "Siku ile uliniuliza, na mimi sikukujibu. Nisamehe. Kupiga mstari ni kuuchora. Mstari haukukosa kitu."

"Hauumii?"

"Hauumii hata kidogo."

Mikono ya Sekela ikapepea, pepe pepe pepe!

"Haya, abaki," alisema Mwalimu Mkuu, akijifuta ndevu. "Sasa Nati, wapigie wenzako makofi!"

Nati akainua mkono.

"ULIZA KWANZA!" lilipaza sauti darasa zima.

"Bip-bip! Niwapige wao, au nipige viganja vyangu?"

"Viganja! Viganja vyako!" alisema Mwalimu Mkuu. Alikuwa tayari amejificha nyuma ya kabati.

Nati akapiga viganja vyake, taratibu, kwa sauti ndogo isiyoumiza masikio. Sekela akapiga vyake. Wote wakapiga vyao. Pu, pu, pu.

Usiku mama akamfunika Sekela blanketi zito. Tangu wakati wa kula, Sekela alikuwa hajanyamaza.

"Mama, jua linapozama, linajua kuogelea?"

"Linajua. Ndiyo maana asubuhi huibuka."

"Mama, mvua ikikatika, kipande kingine kinaenda wapi?"

"Kinakwenda kunyesha kwa bibi yako." Mama akazima taa. "Basi, mwanangu. Lala sasa, usingizi ukuchukue."

Sekela akafumbua jicho moja. "Usingizi unanipeleka wapi?"

Mama akafikiri. Akafikiri tena.

"Sijui," alisema. "Ukirudi, utaniambia."

Na usingizi ukaja polepole, ukamchukua.